Kuponi ya Saa Ishirini na Nne

Wenzangu wa safu ya mashine hapa Suneka, tangu nirudi hamjanipa nafasi hata ya kutia uzi kwenye sindano. Kila mmoja ananijia na swali lilelile: "Nyaboke, mama alimwona?" Nikisema ndiyo, nadanganya. Nikisema hapana, nadanganya pia. Nimeamua kuandika yote mara moja, msome kwa zamu, kisha mniache nishone.

Mnajua jinsi mambo yalivyokuwa. Mama yangu anaishi Nyaramba, kwenye shamba lake la majani chai na migomba. Jicho lake la kulia lilifungika mwaka jana. La kushoto lilikuwa limebakiza tundu dogo katikati, na daktari alituambia kwamba hilo nalo linaenda, hakuna dawa ya kulirudisha, zimebaki wiki chache tu. Mama hakulia. Alisema anataka kuuona uso wa Makori kabla giza halijafunga. Makori ni ndugu yangu mdogo. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiwa Uarabuni, kwenye ghala la mizigo, na hawezi kuja.

Picha zake tumempelekea mama nyingi. Anazirudisha. "Picha haimwoni mtu," husema. "Mimi nataka nimwone akiniona."

Kazini kwao simu hukusanywa na kufungiwa kabatini. Yeye huipata yake Jumamosi, saa nane hadi saa kumi kwa saa zetu, basi. Na nyumbani kwetu bondeni mtandao ni wa kubahatisha. Sauti hupita, picha haipiti. Ndipo mteja wangu mmoja, nikimpima kiuno, akaniambia kwamba Nyaramba siku hizi kuna waifai ya bure pale sokoni, serikali imeweka. Nilifurahi hadi nikamkosea vipimo. Nikamwandikia Makori: Jumamosi hii, saa nane, vaa shati safi.

Suneka hadi Kisii: dakika za chai

Niliondoka Ijumaa asubuhi, na bando la wiki nzima kwenye simu, la akiba. Kisii nilishuka nikiwa na wazo moja la busara. Nilitaka kujaribu kupiga simu ya picha kabla ya kufika kwa mama, nisije nikaanza kubonyezabonyeza mbele yake. Hata dada wa kioski jirani angetosha, mradi nione uso wa mtu ukisogea.

Kuna hoteli moja juu ya stendi imeandikwa mlangoni WAIFAI BURE. Niliingia, nikakaa, nikamwomba mhudumu paswadi.

"Umeagiza nini, mathe?" akaniuliza. Alikuwa kijana mwenye aproni safi na adabu zake zote.

"Bado. Si mmeandika bure?"

"Ni bure. Lakini inakuja na chakula. Chai ni nusu saa. Samaki ni saa moja."

"Na maji?"

"Maji haina waifai."

Nilicheka, naye hakucheka, maana kwake hiyo ilikuwa bei tu kama bei nyingine. Nikaagiza chai na mandazi mawili. Paswadi ilikuja imechapwa chini ya risiti, na herufi zake nilizisoma mara tatu. Ilipokubali, simu yangu, ambayo haijawahi kuonja waifai tangu niinunue, ikashtuka na kuanza kujisasisha yenyewe. Duara likazunguka, likazunguka. Nilijaribu kuisimamisha, sikujua pa kubonyeza. Nusu saa ya chai ikaisha simu ikiwa katikati ya mambo yake, na mimi sijamwona mtu yeyote. Mhudumu akaniuliza kama niongeze samaki. Nikamwambia nimeshiba, na kweli nilikuwa nimeshiba hasira.

Nyamira: chini ya mlingoti

Mvua ilitukuta Nyamira. Pale karibu na ofisi za serikali kuna mlingoti wenye kisanduku cheupe juu, na chini yake ukuta mfupi ambao watu hukalia. Ilikuwa waifai ya umma, nami nilitaka kuona ya umma ikoje, kwa kuwa ndiyo nilikuwa naifuata Nyaramba.

Watu kama kumi walikuwa wameukalia ukuta, simu zimefunikwa kwa viganja zisilowe. Mmoja alikuwa mwanamume wa makamo, tai shingoni, koti limeloa mabegani, bahasha kifuani ndani ya karatasi ya nailoni. Nikamsalimu, nikamuuliza kama mtandao upo.

"Iko," akasema. Kisha akatazama simu yake. "Lakini haiko."

"Vipi tena?"

"Angalia hapa, mama. Alama ziko zote, zimejaa. Sasa fungua kitu." Nikafungua. Ukurasa mweupe. "Umeona? Mimi niko hapa tangu saa mbili. Natuma barua ya kazi, inafungwa leo. Karani wao wa zamani alikuwa anapokea kwa mkono. Siku hizi wanasema hawataki makaratasi."

"Kwa nini usinunue bando?"

Alitazama viatu vyake, nami nikajua nimeuliza swali la kijinga, nikaona haya. Baadaye kidogo alisema kwa upole kwamba ule mlingoti hushika vizuri saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wamelala. "Sisi tunaoitaka mchana," akasema, "ndio tunaiua."

Nilikaa naye zaidi ya saa moja kungoja mvua ikatike, tukila karanga zangu. Tulipoagana nilitazama bando langu. Simu ilipokosa njia kwenye mlingoti, ilikuwa imegeukia kwenye bando na kumalizia kujisasisha kwa raha zake. Akiba yangu ya wiki nzima ilikuwa imekwisha nikiwa nimekaa chini ya mtandao wa bure.

Kebirigo: stima imeenda

Kebirigo nilishuka kubadilisha gari, na nikangoja kwa sababu gari la mbele lilikuwa halijai. Nilinunua ndizi mbivu kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapisha karatasi. Ndizi zilikuwa mlangoni, kompyuta ndani, zote zimezimwa.

"Stima imeenda," alisema kabla sijauliza. "Siku ya tatu. Ndiyo unaniona na ndizi."

Nikamweleza naenda Nyaramba, kwenye waifai ya bure ya sokoni. Akaniangalia kwa huruma.

"Hiyo ya Nyaramba ilipigwa na radi, dada. Sanduku bado liko pale juu, hata ndege wamejenga. Nani amekudanganya?"

Nilikuwa nimeshamwahidi mtu aliye mbali kupita bahari, na mama nimeshamwambia ajiandae. Yule mama akanionea imani, akaongeza kwamba kuna mtu mmoja pale sokoni, Nyakundi, mwenye duka la mbolea na vifaa vya simu. Anauza waifai yake kwa kuponi, ya saa moja, ya saa sita, ya saa ishirini na nne. Inashika vizuri mpaka kwenye veranda. "Lakini yeye ni Msabato wa kweli," akasema. "Kesho hauzi hata kiberiti."

Sasa hapa ndipo nataka mnielewe. Mimi nililelewa katika Sabato. Nimekuwa Mkatoliki kwa sababu ya ndoa, miaka ishirini na zaidi, lakini najua Ijumaa nyumbani kwetu huwaje. Kuni hupasuliwa Ijumaa, mboga hupikwa Ijumaa, viatu hung'arishwa Ijumaa, ili jua likitua kusiwe na kazi iliyobaki. Nikajiambia: basi, na kuponi nitainunua Ijumaa. Nitakuwa nimelipa kabla ya Sabato, kama mtu aliyepika mapema. Nilijiona mjanja sana. Ndizi zote zilizobaki nilizila kwa furaha.

Nyaramba, Ijumaa jioni

Nilifika saa kumi na moja na dakika chache, nikakimbia kutoka barabarani hadi dukani na mkoba begani. Nyakundi alikuwa anashusha mlango wa mabati. Ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, mzee wa kanisa la mama.

"Umebahatika," alisema. "Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia jina la mama. Akafurahi, akaniuliza habari za Suneka. Nikaomba kuponi ya saa ishirini na nne. Akaniandikia namba kwenye kijikaratasi kwa mwandiko mzuri wa karani wa kanisa. Nikajaribu papo hapo. Jamani! Nilimpigia dada wa kioski, uso wake ukatokea mzima, meno yote, nikaona hata mwanaserere anayening'inia nyuma yake. Nilihesabu kwa vidole. Saa kumi na moja leo mpaka saa kumi na moja kesho. Makori ni saa nane. Kuponi ilikuwa inatosha na kubaki.

Nyakundi hakuniuliza naitakia nini, nami sikumwambia. Nilikuwa na haraka, naye alikuwa na haraka ya jua. "Sabato njema," akasema. "Sabato njema," nikajibu, na neno hilo lilinitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Bondeni nilimkuta mama ameshaoga. Alikuwa amepika chinsaga, ile mboga yetu chungu, na ugali wa wimbi tangu mchana, vimefunikwa kwa jani la mgomba. Mama amechuma majani chai maisha yake yote na hajawahi kunywa chai, kanisa lao linakataza, kwa hiyo tulikunywa uji. Baada ya maombi aliniomba nimfundishe kutazama. Nilishika simu mbele yake, nikaisogeza kushoto, kulia, juu, mpaka akasema "hapo." Hapo palikuwa padogo sana. Ilibidi simu iwe upana wa kiganja kutoka puani, na asigeuze shingo. Tulirudia mara nyingi. "Nikipotea unirudishe," akaniambia.

Nyaramba, Jumamosi

Kanisa liko hatua chache kutoka sokoni, hilo lilikuwa jambo jema. Mhubiri alikuwa mgeni na alikuwa na mengi. Tulitoka saa saba na nusu. Mama alikuwa amevaa gauni nililomshonea, la kola nyeupe. Tulikaa kwenye veranda ya Nyakundi, mlango wa mabati umefungwa nyuma yetu, soko zima limenyamaza. Saa nane kasoro kidogo nikatoa simu.

Jina la mtandao halikuwepo.

Nilizima simu nikaiwasha. Nikasimama kwenye kona. Nikarudi mlangoni, nikaiweka simu kwenye mabati kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Hakuna. Mama aliuliza, "Amefika?" nikamwambia bado kidogo.

Nikakimbia nyumbani kwa Nyakundi, nyuma ya duka. Hakuwepo. Mke wake alitoka na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mzee ameenda kutembelea wagonjwa ng'ambo ya mto. Simu ameacha hapa. Kuna nini?"

"Waifai haipo. Nina kuponi, ya saa ishirini na nne, nililipa jana!"

"Ah," akasema, akinionea huruma kabisa. "Sisi huzima. Jua likitua Ijumaa mzee anazima ruta. Wote hapa wanajua."

"Lakini mimi sinunui leo. Nililipa jana!"

"Ulilipa jana, ndiyo. Lakini kazi itafanyika leo. Amri inasema usifanye kazi, wewe wala ng'ombe wako. Mzee anasema ile ruta ndiyo ng'ombe wake, nayo ipumzike." Alisema bila ubishi. "Hata ningetaka, ufunguo wa duka yuko nao."

Mnajua nilivyo mkali. Lakini ningemfokea nani? Nilikuwa nimekumbuka nusu ya Sabato nikasahau nusu nyingine. Mtu wa pale asingefanya kosa hilo, na mgeni kabisa angeuliza. Mimi peke yangu, mtoto wa mle ndani aliyekaa nje, ndiye wa kukosea hivyo.

Niliporudi verandani nilimweleza mama. Akasema, "Mwache. Kama ni kazi, ni kazi." Mikono yake ilikuwa imeshika kola ya gauni.

Saa nane na nusu. Nikazunguka nyuma ya duka, nikanunua bando kwa simu, kubwa kuliko zote, pesa ya kitenge kizima. Meseji ya kuthibitisha ilipolia, mama aliita kutoka mbele: "Umenunua?"

"Nimenunua, mama."

"Basi Mungu atuone," akasema.

Nikapiga. Ikalia, ikakatika. Nikapiga. Mara ya sita Makori akapokea. Niliiweka simu mahali petu, upana wa kiganja, na kilichokuja ni viraka vya rangi, kahawia, nyeupe, kahawia, vikiganda na kuruka. "Ma..." ikasema simu. "Ma... unani..." Kisha kimya. Mama alikuwa amekaza shingo, hapepesi. "Ni yeye huyu?" akauliza. "Mbona ana pembe nne?" Tuliendelea hivyo mpaka saa kumi. Bando lilikuwa bado limejaa. Ni mnara ndio haukuweza. Saa kumi na dakika mbili nilipiga tena, simu yake ilikuwa imezimwa.

Nilifikiri mama atataka kwenda nyumbani. Alikataa. Alisema tungoje jua litue, labda Mungu atakuwa amesogeza saa za kule. Tulingoja. Waumini waliopita walitusalimu, nasi tukawajibu.

Nyakundi alifika jua likiwa limezama, viatu vimejaa tope la mtoni. Alipotukuta akashangaa. Nilimweleza yote kwa sauti ambayo sijivunii. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye ngazi ya duka lake, akashika kichwa.

"Kwa nini hukuniambia jana?" akasema. "Mimi nilidhani unataka kuangalia mambo ya simu tu. Kumsaidia mgonjwa si kazi, dada. Mimi leo nimeshinda kwa wagonjwa. Ungesema ni macho ya omong'ina huyu, mama yetu mzee, ningeiacha ikiwaka, na ningekaa hapa mwenyewe nikuongoze."

Maneno hayo nimeyashona na kuyafumua kichwani kila siku tangu nirudi.

Akafungua, akawasha ruta, akakataa kusikia habari ya kuponi. Taa za kijani zikawaka. Simu yangu ikaanza kulia mfululizo, simu za Makori zilizokosa njia, moja baada ya nyingine, na mwisho kabisa video moja aliyoituma dakika za mwisho. Nikamweka mama sawa, nikaibonyeza.

Alikuwa wazi kabisa. Shati jeupe, limefungwa mpaka shingoni, kichwa kimenyolewa, mvi kwenye ndevu. Mama akavuta pumzi. "Amezeeka," akasema kwa Ekegusii. "Anafanana na tata yenu," yaani baba yetu. Kisha akaanza kuzungumza naye. Akamuuliza amekula nini. Akamuuliza kama anasali. Makori naye anaongea juu ya maneno yake, hasikii, anaomba radhi kwamba mtandao ni mbaya, nami sikuwa na moyo wa kumwambia mama kwamba hii ni picha tu, inayosogea. Mama akanyamaza ampe nafasi, kwa heshima, kama anavyonyamazia wageni.

Makori akasogea karibu na kioo. "Mama," akasema, "kama unaniona, inua mkono."

Mama akainua mkono wa kulia, juu kabisa, kama anayeapa kanisani. Video ikaisha. Uso wake uliganda pale, mdomo wazi kidogo. Mama hakujua kwamba imeisha. Aliendelea kutazama, mkono juu. Nyakundi akageuka ukutani.

"Ameuona?" mama akauliza.

"Ameuona," nikamwambia. "Shusha tu, mama."

Kurudi

Jumapili nilipita Kebirigo, stima haijarudi. Nyamira ukuta ulikuwa mtupu, mlingoti umesimama peke yake, na simu yangu ikanionyesha alama zote zimejaa. Sikushuka Kisii kwa chai.

Siku ya Jumatano, shemeji mmoja, jirani wa mama, alinipigia akasema kwamba asubuhi mama aliamka akauliza mbona hakujakucha, na kulikuwa kumekucha. Mnakumbuka siku hiyo niliondoka mapema mashine ikiwa na nguo ya mtu.

Jumamosi iliyofuata Makori alipata simu yake saa nane. Mimi nilikuwa hapa Suneka, mtandao umeshika vizuri hata sikuhitaji kusogea, uso wake mzima kwenye kiganja changu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya jicho. Hakunipa nafasi. Aliuliza jambo moja kwanza, kabla ya salamu.

"Aliinua mkono?"

Nikamwambia aliinua.

"Kwa muda gani?"

Nikamwambia hakuushusha mpaka nilipomwambia umeuona.